Baraza la Karani: Maneno Hayamezwi kama Vidonge



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mzee mmoja wa kigango cha mbali. Mwanawe ni mwalimu wa sekondari, amekwisha kupata shahada ya kwanza, na sasa anatafuta nafasi ya kusomea shahada ya pili katika chuo kikuu cha Marekani. Chuo kinamtaka afanye kwanza mtihani wa kuingilia. Mzee ameuza ng'ombe mmoja ili kulipia mtihani huo. "Lakini," aandika, "kila usiku kijana anakesha na kitabu chenye maneno elfu tatu ya Kiingereza. Anayakariri kama kasuku. Nikimwuliza asubuhi, nusu ya maneno ya jana yamekwisha kumtoka. Je, Karani, mtoto wangu ana kichwa kizito? Na sisi wazazi tusiojua Kiingereza, tufanye nini? Tukae tukitazama tu?"

Shikamoo, mzee wangu. Nimeona yafaa nikujibu mbele ya wote, maana siku hizi vijana wa namna hiyo wapo katika vijiji vingi. Jibu langu kwa kifupi ni hili: kichwa cha mwanao ni kizima, njia aliyoishika ndiyo mbovu. Na ninyi wazazi mnayo kazi katika mtihani huo, tena si ndogo. Nisikilizeni polepole.

MTIHANI WENYEWE

Mtihani huo waitwa Graduate Record Examinations, na watu huufupisha kwa herufi tatu, GRE. Hutungwa na shirika liitwalo Educational Testing Service, lililoanzishwa Marekani mwaka 1947, ambalo makao yake ni katika jimbo la New Jersey. Hufanywa kwa kompyuta. Una mambo matatu: kuandika insha, maneno, na hesabu. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, hata mtihani mzima hauzidi saa mbili. Sehemu ya maneno ina maswali 27 yanayojibiwa kwa dakika 41, na alama zake huanzia 130 na kuishia 170.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja la kuokoa fedha. Ada ya mtihani huu huzidi dola 200, na hiyo ni fedha nyingi kwa mkulima. Lakini tangu mwaka 2020 vyuo vingi vya Marekani vimeacha kuudai, au vimemwachia mwombaji achague mwenyewe. Kwa hiyo kijana na akiandikie kila chuo anachokiomba, tena aitaje idara yenyewe, aulize kama mtihani wahitajiwa. Katika chuo kimoja idara hii huweza kuudai, na jirani yake isiudai. Msiuze ng'ombe kabla ya kupata jibu.

Sasa tuje kwenye kitabu chake cha maneno elfu tatu. Zamani mtihani huu ulikuwa na maswali ya kumpa mtu neno moja tupu na kumtaka ataje kinyume chake. Aliyemeza orodha ndefu aliweza kupata faida. Lakini maswali hayo yaliondolewa Agosti 2011. Siku hizi neno huulizwa likiwa ndani ya sentensi, pamoja na jamaa zake. Vitabu vya zamani bado vyauzwa mitaani kwa bei nafuu, navyo vyamfundisha kijana mtihani uliokwisha kuzikwa. Mwambie mwanao atazame mwaka wa kuchapwa kabla ya kununua. Na shirika lenyewe hutoa mitihani ya mazoezi bila malipo katika mtandao. Aanze na hiyo.

NENO NA SENTENSI YAKE

Nitawapeni mfano mmoja mliofanana na maswali ya siku hizi. Sentensi yasema hivi: "Although the chairman was usually ____, that evening he spoke for two hours without stopping." Maana yake: ingawa mwenyekiti kwa kawaida alikuwa mtu wa namna fulani, jioni ile alisema kwa muda wa saa mbili bila kupumzika. Neno gani lafaa pale penye pengo?

Hata asiyejua Kiingereza ataona kwamba pengo lataka neno la mtu mnyamavu. Amejuaje? Kwa sababu ya neno dogo la mwanzo, "ingawa". Neno hilo ni kama bawaba ya mlango. Ndilo linaloigeuza sentensi. Basi mwanao na ajifunze kwanza kuzitambua bawaba: "although", "despite", "because", "far from", na wenzao. Kisha, kabla ya kuyatazama majibu waliyomwandikia, ajaze pengo kwa neno lake mwenyewe, hata la Kiswahili. Aseme moyoni, "mnyamavu". Ndipo atazame, naye ataliona neno "taciturn" likimngoja.

Katika maswali ya kujaza mapengo, pengine sentensi huwa na pengo moja, pengine mawili au matatu. Akikosa pengo moja, amekosa swali zima. Katika maswali ya namna nyingine hupewa maneno sita achague mawili ambayo yataifanya sentensi iwe na maana moja. Hapo pia akipata moja tu hana kitu. Na yako maswali ya kusoma habari fupi na kujibu. Lakini jibu lililokosewa halimpunguzii alama; kwa hiyo hapana swali la kuachwa tupu.

MANENO NI UKOO

Kwa nini kijana anasahau? Kwa sababu anayachukua maneno mmoja mmoja kama watoto yatima, bila kujua ni wa nani. Neno lina ukoo. Ukimjua baba, humsahau mtoto.

Tazameni Kiswahili chetu. Kuhusu fedha tunasema mwekevu, bahili, mkarimu, mbadhirifu. Wote wanne wanazungumziwa juu ya mfuko mmoja, lakini mwekevu anasifiwa na bahili analaumiwa, ingawa wote wawili hawatoi ovyo. Mkarimu anasifiwa na mbadhirifu analaumiwa, ingawa wote wawili mikono yao i wazi. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. "Thrifty" na "frugal" ni mwekevu. "Miserly" na "parsimonious" ni bahili. "Generous" na "munificent" ni mkarimu. "Prodigal" na "spendthrift" ni mbadhirifu. Hayo ni maneno manane, na kijana ameyapata kwa kikao kimoja, kwa kuwa ameyapanga kama mnavyopanga ndugu siku ya harusi, wa upande wa mume huku na wa upande wa mke kule. Tena mtihani hupenda sana kumpima mtu katika jambo hilo: je, neno hili ni la sifa ama la lawama?

Ngojeni kidogo hapo kwenye "prodigal", maana pana mtego. Sisi sote twaijua habari ya mwana mpotevu katika Injili ya Luka. Waingereza humwita "the prodigal son". Basi kijana Mkatoliki akiliona neno "prodigal" husema mara moja, "Hili nalijua, ni mpotevu." Akiandika hivyo amekosa! Neno hilo halisemi habari za kupotea wala za kurudi nyumbani. Lasema habari za kutapanya mali, kile alichofanya yule kijana katika nchi ya mbali kabla ya kuanza kulisha nguruwe. Wafasiri wetu walichukua jina kutoka mwisho wa hadithi, na Waingereza wakalichukua kutoka katikati. Ndiyo maana nasema, usiridhike na neno moja la Kiswahili lililowekwa mbele ya neno moja la Kiingereza. Uliza: neno hili hutumika lini, juu ya nani, kwa kusifu ama kwa kulaumu?

Mtego wa pili ni yale maneno ambayo kijana anadhani aliyamaliza shule ya msingi. "Check" ni kukagua, kweli, lakini pia ni kuzuia. "Qualify" ni kustahili, lakini mtu aki-"qualify" maneno yake, ameyawekea mpaka, kama kusema "ni kweli, lakini si siku zote". "Flag" ni bendera, lakini pia ni kulegea kwa uchovu. "Sanction" ndilo gumu kuliko yote: huweza kuwa ruhusa, na huweza kuwa adhabu! Katika kitabu cha maneno elfu tatu mwanao huyaruka hayo, kwa kuwa anaona ni mepesi.

KILATINI KILICHOMO KABATINI

Sasa nataka kuwaambieni habari ya hazina mliyo nayo bila kujua. Maneno mengi magumu ya Kiingereza yametoka katika Kilatini, na kila parokia ya zamani inacho Kilatini, ama vinywani mwa wazee ama kabatini.

Sisi makarani twavishika vitabu vya zamani vya parokia, navyo viliandikwa kwa Kilatini. Kitabu cha ubatizo: "Liber Baptizatorum". Mtoto "natus", yaani amezaliwa. Kiingereza kina "innate", yaani cha kuzaliwa nacho, na "nascent", yaani kinachoanza tu kuzaliwa. "Filius", mwana, Kiingereza kina "filial", yaani kinachompasa mwana kwa wazazi wake. Kitabu cha ndoa kina "testes", yaani mashahidi. Kiingereza kina "attest", kushuhudia, na "testimony", ushuhuda. Na kile kitabu cha huzuni, "Liber Defunctorum", cha waliokufa. Kiingereza kina "defunct", kitu kilichokufa, kama chama cha ushirika kilichofungwa zamani.

Sasa mwulizeni babu sala za zamani. "Credo" ni nasadiki. Toka hapo wapata "credible", kinachosadikika. "Credulous", mtu mwepesi wa kusadiki kila aambiwalo. Na "incredulous", asiyekubali kusadiki. "Culpa" ni kosa. Wapata "culpable", mwenye kosa, na "exculpate", kumwondolea mtu kosa. "Pax" ni amani. Wapata "pacify", kutuliza. "Lux" ni mwanga. Wapata "lucid", kilicho wazi, na "elucidate", kueleza mpaka jambo liwe wazi. "Laudate" ni sifuni. Wapata "laudable", kinachostahili sifa. Huyo babu asiyejua neno moja la Kiingereza amekwisha kumfundisha mjukuu wake maneno tisa.

Wala jambo hilo si geni kwetu. Kutoka "soma" twapata somo, msomaji, msomi, usomaji na somesha. Hakuna mtoto aliyeyakariri. Alilijua shina, matawi akayaona mwenyewe.

Lakini shina ni taa, si jua; laonyesha njia, halionyeshi kila kitu. "Sanctus" ni mtakatifu. Je, "sanctimonious" ni mtakatifu sana? Hapana, ni yule anayejionyesha kuwa mtakatifu, na rohoni hana kitu. Ni neno la lawama. Kwa hiyo kijana akiisha kubahatisha kwa shina, afungue kamusi ahakikishe.

SANDUKU LA VIATU

Tumekwisha kupata maneno. Tutayawekaje yasitoroke?

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, kisha akajiuliza baada ya saa kadhaa na baada ya siku kadhaa. Aliona mambo mawili. La kwanza, mtu husahau sana katika saa na siku za mwanzo, baadaye kusahau hupungua mwendo. La pili, marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hufaa kuliko marudio mengi ya siku moja. Basi, mzee, umeona? Mwanao kusahau nusu asubuhi si kichwa kizito. Ndivyo vichwa vyote vilivyo, hata cha mtaalamu wa Ujerumani. Ninyi wakulima mwajua: debe zima la maji juu ya mche mmoja kwa siku moja halifai kitu, kikombe kimoja kila baada ya siku chache chaukuza.

Mwaka 1972 mwandishi mwingine wa Kijerumani, Sebastian Leitner, aliwaonyesha watu namna ya kuitumia kanuni hiyo kwa sanduku la kadi. Siku hizi zipo programu za simu zinazofanya kazi ileile, lakini penye shida ya umeme sanduku la viatu latosha. Fanyeni hivi.

Kateni karatasi ngumu ziwe kadi ndogo. Upande mmoja kijana aandike neno la Kiingereza na sentensi fupi aliyoikuta akisoma. Upande wa pili aandike maana kwa Kiswahili, tena aseme kama ni neno la sifa au la lawama. Gawanyeni sanduku vyumba vitano kwa vipande vya boksi. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza, nacho huulizwa kila siku. Akipata, kadi yahamia chumba cha pili, kinachoulizwa kila baada ya siku mbili. Akipata tena, yaenda cha tatu, kila siku ya nne. Kisha cha nne, mara moja kwa juma. Kisha cha tano, mara moja kwa majuma mawili. Lakini kadi yo yote aliyoikosa, hata kama ilikuwa imefika chumba cha tano, yarudi chumba cha kwanza bila huruma. Hivyo maneno magumu huonekana kila siku, na mepesi hayamchoshi mtu.

Ni maneno mangapi kwa siku? Manane tu. Siku sita kwa juma ni maneno 48. Jumapili asiongeze jipya. Katika majuma 25, yaani karibu miezi sita, atakuwa amepata maneno 1,200, nayo yamekaa. Ni afadhali hayo kuliko elfu tatu yaliyopita kama mvua juu ya mwamba. Na kila siku asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kizuri, gazeti au kitabu, maana huko ndiko maneno yanakoishi. Asiyetaka kusoma, sanduku peke yake halitamwokoa.

KAZI YA BABA NA MAMA

Sasa nakujibu swali lako la mwisho, mzee wangu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wewe na mama watoto mwajua kusoma Kiswahili. Herufi za Kiingereza ni hizo hizo. Basi jioni baada ya chakula, mama na akae na sanduku. Atoe kadi, asome upande wa Kiswahili: "Mtu mwepesi wa kusadiki kila aambiwalo." Kijana ajibu, "Credulous," kisha ataje herufi moja moja, na mama azifuate kwa kidole. Herufi ikikosekana, kadi yarudi chumba cha kwanza. Hapana kubembeleza.

Kisha baba na aulize swali la pili: "Nieleze neno hilo kwa Kiswahili, unipe mfano wa mtu wa hapa kijijini, bila kumtaja jina." Kijana akieleza ukaelewa, basi amelijua. Akisitasita, akisema, "Baba, ni vigumu kueleza," ujue bado hajalijua, amelimeza tu. Mtahini wa Marekani atamgundua kama ulivyomgundua wewe, ila yeye hatamrudishia ada.

Nusu saa kila jioni, basi. Na msimwache kijana akeshe. Chuoni kwa ualimu tulifundishwa kwamba usingizi ni sehemu ya masomo, na wataalamu wa leo wanathibitisha kuwa akili huyapanga iliyojifunza wakati mtu amelala. Taa izimwe saa nne.

Na ikiwa mwanao, baada ya yote, hakupata chuo? Sitaki kukudanganya kwamba kila apandaye huvuna. Mwajua mvua ilivyo. Lakini ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya orodha iliyosahauliwa amepotea kabisa. Maneno yaliyokaa kichwani hayapotei. Kijana huyo ni mwalimu. Jumatatu atasimama mbele ya darasa, na watoto arobaini wa wenzako watajifunza kwamba maneno yana ukoo. Alama za mtihani hudumu miaka mitano tu. Alichokijua mwalimu huendelea kudumu kwa wanafunzi wake.

Basi, mzee, leo jioni tafuta sanduku la viatu. Kama hakuna nyumbani, mwulize mwenye duka, hatakutoza kitu. Na wewe kijana, hesabu maneno manane, usizidishe. Haba na haba hujaza kibaba.

Wasomaji wengine wenye maswali juu ya masomo ya watoto wao, niandikieni kwa njia ya gazeti hili. Kwaherini mpaka juma lijalo.

Ni mimi wenu,
Karani wa Parokia